Mwaka Ambao Mdogo Wangu Alikuwa Mwonjaji

Mdogo wangu alipokaribia mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, nyumbani kwetu Mollo, nje ya mji wa Sumbawanga, tuliacha kumtuma. Alikuja likizo upepo wa Julai ukiwa unakata masikio, na kila aliyemwona ameshika jembe alimnyang'anya. Jirani mmoja alimpokonya hata ndoo ya maji. "Weka chini, msomi, utaharibu mikono ya kalamu." Yeye akacheka, akaweka chini, na mimi nikaichukua ile ndoo. Sisemi kwamba alikuwa mvivu. Alipotaka kufanya kazi tulimkataza, na alipoacha tukasema moyoni kwamba amebadilika. Kwa hiyo sijui alitakiwa afanye nini.

Anayeandika ni mimi dada yake, niliyeishia darasa la saba. Sina uhakika kama naandika inavyotakiwa. Nimezoea kuandika mambo ya nyumbani, mvua imeanza lini, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani, na jambo likiwa la aibu huwa naliandika kwa ufupi ili lipite upesi. Hili nitajaribu kutolifupisha.

Kwanza mtu aelewe mwaka wa mwisho ulikuwa na maana gani kwetu. Kabla ya hapo, kijana wa chuo kikuu alipomaliza masomo serikali ilimpangia kazi. Wazee wetu walijua hivyo: ukifika mwaka wa mwisho wewe ni kama mahindi yaliyokwisha kukauka shambani, kilichobaki ni kuvuna. Lakini miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mambo yaligeuka. Mjini Sumbawanga maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikaning'inia mpaka barabarani, na mahindi tuliyokuwa tunapeleka ushirika yakawa yananunuliwa na yeyote mwenye lori. Kazi nazo, serikali ikasema kila mtu ajitafutie. Kwa maduka tulifurahi. Kwa kazi hatukuelewa mpaka mdogo wangu alipotueleza, akiwa amekaa jikoni anaota moto na mama.

"Siku hizi mtu unajiuza mwenyewe," alisema.

Mama aliacha kukoroga. "Ujiuze? Kwa nani, mwanangu, na sisi tupo?"

"Si hivyo, mama. Maana yake unajionyesha kwa watu wakubwa, wakujue kabla hujamaliza. Mwaka huu nikizubaa nimekwisha. Nitarudi hapa na shahada yangu tuifunikie chungu."

Mtu mkubwa mwenyewe alikuwa mhadhiri wake. Mhadhiri huyo alikuwa anafanya utafiti wa biashara ya mpakani Kasesya, nini kinavuka kwenda Zambia na nini kinarudi, sasa ambapo wafanyabiashara wameachiwa. Alitaka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho awe msaidizi wake mwaka mzima, na alikuwa ameahidi kwamba huyo akimaliza ataendelea naye kazini. Waliobaki kwenye kinyang'anyiro walikuwa wawili, mdogo wangu na kijana mmoja wa Mbeya. Mhadhiri akasema kwamba akienda Kasesya atapita kwetu ale chakula cha mchana, na mambo yakienda vizuri atamchukua mdogo wangu waende pamoja kwa majaribio. Yaani kazi ya maisha yake ilikuwa inapita kwenye uwanja wetu, kwenye sahani zetu.

Siku chache kabla ya mgeni kuja tulikuwa tunapura ulezi. Mdogo wangu alishika fimbo akapura nami, na hapo hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Mwaka wa kwanza alibeba kopo la asali, asali ya msituni ambayo mama aliichuja mwenyewe kwa kitambaa. Aliliweka mezani kwenye chumba chao bwenini, akawakaribisha wenzake. Hakuna aliyegusa.

"Wakaniuliza, mshikaji, hii ni asali au umetufungia radi humo ndani?"

"Walitania."

"Walitania, ndiyo. Lakini dada, hawakula. Kopo lilikaa pale mpaka sisimizi wakalimaliza." Akapiga ulezi kwa nguvu. "Sisimizi wa Dar hawaogopi Sumbawanga."

Tukacheka. Alikuwa anacheka huku anaangalia chini. Watu wa mikoa mingine wanatusema hivyo, kwamba sisi ni watu wa uchawi, wa radi, wa kusafiri kwa ungo. Ukikaa huku husikii. Yeye alikuwa amekaa nayo miaka yote ya chuo, anakula nayo na kulala nayo. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akamhukumu upesi, maana yanayofuata yalitoka humo.

Kwetu, anayekupa kinywaji hunywa kwanza mbele ya macho yako. Iwe pombe ya ulezi, iwe togwa, mwenye nyumba anachuchumaa, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, anaonja, kisha anakupa. Sijawahi kuambiwa sababu. Wengine wanasema ni kuonyesha hakuna sumu, wengine wanasema ni kumwambia mgeni kwamba kilicho chako nami nimekipitia, tuko pamoja. Mtu wa nyumbani haonjewi. Mtoto, mume, ndugu anayelala humo, wanapewa tu. Kuonja ni kwa mgeni, na ni heshima ya mwenye nyumba, hamwachii mtu mwingine.

Mdogo wangu alimkalisha mama chini kumfundisha. Hakuwa na jeuri, aliongea kwa upole, Kifipa chake kikiwa bado kizuri.

"Mama, mgeni akija yeye ndiye atakuamkia. Wewe itikia marahaba, ubaki umekaa kwenye kiti."

"Kwenye kiti? Mbele ya mgeni?"

"Ndiyo. Usichuchumae, usipige makofi. Na pombe usionje."

"Nisionje?"

"Usionje, mama. Ukionja ndiyo unamtangazia kwamba hapa watu wanauana. Mimi najua wanavyofikiri."

"Sasa atajuaje kama ni nzuri?"

"Ataonja mwenyewe."

"Haya. Wewe ndiye umesoma," alisema mama, na wala si kwa kejeli. Alikuwa anaamini hivyo. Mimi nilikuwa pale nachambua maharage, nikaendelea kuchambua. Nilidhani yuko sahihi. Hata leo sina hakika kwamba alikosea, isipokuwa kwa jinsi mambo yalivyokwenda.

Siku ya mgeni tulifagia uwanja tangu mapema. Viti tuliazima kwa katekista, glasi kwa mwalimu wa shule ya msingi, na mdogo wangu akaenda mjini kwa baiskeli kuleta soda. Nilipika ugali wa ulezi na kuku, na pombe mama alikuwa ameipika mwenyewe, imeiva vizuri, haina ukali. Gari likaingia. Mhadhiri akashuka, mtu mnene kiasi, amevaa sweta, anasugua mikono kwa baridi. Alikuwa mtu mwema, nataka liandikwe. Alimletea mama sukari na miche ya sabuni, akaamkia "Shikamoo, mama" kwa kuinama, akauliza habari za shamba na kusikiliza majibu. Mama aliitikia akiwa kwenye kiti, magoti yameshikana, mikono ameikalia kwa sababu hakujua aiweke wapi bila kupiga makofi. Nilimwangalia nikaona haya, kama ninayemwangalia mtu aliyevishwa nguo isiyo yake.

Nikaleta pombe kwenye glasi. Nikampa mgeni. Akaishika, akasema, "Hii ndiyo ya ulezi yenyewe? Nimeisikia sana." Akainua.

Hapo ndipo alipoingia jirani yetu na kibuyu cha maziwa. Jirani huyu ni mama wa Kisukuma. Familia yao ilihamia na ng'ombe wao ikajenga mpakani mwa shamba letu, na Wasukuma na sisi ni watani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako na wewe ukampa kiti. Mama huyu alikuwa anatupenda, na kadiri alivyotupenda ndivyo alivyotutukana. Akasimama katikati ya uwanja, akamtazama mama.

"He! Leo Mfipa amekalia kiti! Kuna nini, mmeshamla nani?"

Tukacheka. Mama naye akacheka, nadhani kwa kupata nafuu. Kisha mtani akaiona glasi mkononi mwa mgeni, akatazama huku na huku akaelewa kwamba hakuna aliyeonja, na yeye alivyo hawezi kuacha kitu kama hicho kipite.

"Mgeni! Usinywe, baba! Hujaona hawajaonja? Mfipa akionja, kunywa. Mfipa asipoonja, ujue radi imo humo ndani ya glasi!"

Akacheka mpaka kibuyu kikatikisika. Sisi tulicheka pia, maana mtani hakasirikiwi. Mgeni naye akacheka. Kisha akaishusha glasi mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai, na mkono wake haukuirudia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na birika la maji ya kunawa, hatua moja kutoka mezani. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa ni kuinua ile glasi na kunywa funda moja. Nilimwangalia mdogo wangu. Alitikisa kichwa kidogo sana, hapana. Alikuwa amekwisha kuwa na jasho juu ya mdomo, kwenye baridi ile. Nikabaki na birika langu.

"Karibu chakula, mwalimu," alisema mdogo wangu.

"Ah, asante sana. Ila unajua, tumbo limenisumbua tangu Tunduma. Nitachukua soda tu." Akampa dereva wake chupa amfungulie. Hakuniachia mimi.

Dereva alifungua soda, akanawa, akavuta sahani. "Mimi la kwangu halijanisumbua," alisema, akachukua paja.

Mama aliona yote. Macho yake hayaoni mbali lakini yale ya karibu anayaona. Aliinuka kwenye kiti. "Mama," alisema mdogo wangu kwa sauti ya chini, lakini mama alikuwa amekwisha kufika chini, amechuchumaa mbele ya mgeni, anapiga makofi yake yale ya taratibu. Akaichukua glasi ya mgeni, akanywa, akafuta ukingo kwa kiganja, akamrudishia kwa mikono miwili.

Sasa mgeni afanye nini? Nimejiuliza mara nyingi. Kama si sumu, basi ni mate ya mama mzee asiyemjua. Aliipokea. Akaigusisha midomoni, akainyanyua juu vizuri tuone, na koo lake halikushuka. Povu lilibaki kwenye sharubu zake, akalifuta kwa leso.

"Nzuri sana, mama."

"Asante, baba," mama alisema, akapiga makofi tena. Aliona kwamba hakumeza. Najua aliona, kwa sababu alishukuru polepole.

Waliondoka mapema kuliko ilivyopangwa. Mdogo wangu alikaa kiti cha nyuma na begi lake mapajani, na hakutuaga kwa mkono, pengine kwa sababu ya begi. Tulibaki na kuku mezani. Mtani wetu alikuwa bado amesimama.

"Nilitania tu, jamani," alisema. "Kwani huyo mtu hana watani kwao?"

"Kaa ule," mama alimwambia. Tukala chakula cha mgeni, sisi watatu, kwenye viti vya katekista. Nilikuwa nakula huku naona kama kuna mtu anayetutazama.

Mdogo wangu alirudi juu ya lori la mahindi lililotoka Kasesya, nywele nyeupe kwa vumbi. Tulikuwa tumejiandaa kumpa pole. Lakini aliruka chini akapaza sauti toka barabarani:

"Dada! Wa Mbeya ameachwa! Nimepata mimi!"

Mama alipiga vigelegele mpaka mbwa wakaitikia. Nilimkumbatia, kitu ambacho hatuna mazoea nacho, na vumbi lake likabaki kwenye khanga yangu. Baadaye, alipokuwa ananawa nyuma ya nyumba, nikamuuliza kazi yenyewe ni ya namna gani.

"Kutafsiri. Kuandika majibu ya watu. Kumwonyesha njia."

"Basi?"

"Na kutangulia."

"Kutangulia wapi?"

Akajimwagia maji usoni, akakaa ameinama juu ya beseni. "Kunywa. Tukiingia nyumba ya watu wakaleta kitu, mimi natangulia. Kule mpakani alishindia biskuti tu mpaka nilipomwambia, mwalimu, nipe mimi kwanza. Nilisema kama mzaha. Akafurahi sana. Akasema, sasa nimepata msaidizi."

Nilicheka. Nilidhani ndiyo zamu ya kucheka. Yeye hakucheka, na ndipo nikaanza kuielewa ile kazi.

Maana kama nilivyoeleza, kwetu anaonja mwenye nyumba. Mwenye nyumba akishaonja, neno limekwisha. Sasa anatokea mgeni na mtu wake, na baada ya mzee kuchuchumaa na kupiga makofi na kunywa, mtu wa mgeni anapokea kikombe kile kile anaonja tena. Ni sawa na kumwambia mzee usoni: wewe tumekuona, lakini hatukuamini. Na anayemwambia si mtu wa Dar, ambaye angesamehewa kwa kutojua. Ni mtoto wa Mollo, aliyezaliwa humo, anayejua.

Likizo yote walizunguka hivyo. Mhadhiri alikuwa ameamua kufuata mahindi kutoka mpakani mpaka vijijini yanakolimwa, kwa hiyo waliingia nyumba nyingi za huku juu. Habari zilitufikia kidogo kidogo. Kisimani mwanamke mmoja aliniuliza, "Eti mdogo wako siku hizi anaonja baada ya wenyeji?" Nikasema sijui. Kanisani, tukitoka misa, rafiki wa mama wa tangu usichana alimsalimia mama kwa haraka, bila kuchuchumaa, akaenda zake. Mama alibaki mikono imekunjwa tayari kwa makofi. Kisha akaitumia kurekebisha kilemba.

Nilikuwepo nyumba moja walipokuja. Ilikuwa kwa mzee wa jumuiya yetu. Wanawake tulikwenda kumsaidia mke wake kupepeta, na gari likaja bila sisi kutegemea. Mzee akafurahi kupata wageni, akaagiza pombe. Akaja mbele ya mhadhiri, akachuchumaa, mtu mwenye magoti mabovu yule, akapiga makofi, akanywa, akatoa kikombe kwa mikono miwili. Mkono uliokipokea ulikuwa wa mdogo wangu.

Aliniona hapo hapo. Nilikuwa mlangoni na ungo kichwani. Alisita, kikombe kiko hewani. Niliomba ampe mwalimu wake moja kwa moja. Na papo hapo, nisiwe mwongo, niliomba pia asipoteze kazi.

"Mwanangu," mzee alisema kwa Kifipa, kwa upole kabisa, "mimi nimekwisha kunywa."

"Najua, baba," alijibu mdogo wangu. Akanywa.

Wanawake walioketi karibu nami waliendelea kupepeta. Hakuna aliyenigeukia, na ningependa wangegeuka. Mhadhiri alipokea kikombe akanywa chote, safari hii koo likishuka vizuri, akasifu, akaomba kingine. Alikuwa mchangamfu kuliko siku ya kwetu. Aliponiona alifurahi kwa dhati. "Aa, dada yetu! Mama hajambo? Mwambie sasa nimezoea, nakunywa kama Mfipa!"

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, ya kumweleza maana ya kuonja. Angesikia. Hakuwa mtu mbaya, angesikia na angeomba radhi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini niliona kwamba nikimwambia mbele ya watu, atauliza kwa nini msaidizi wake hakumwambia, na msaidizi wake angejibu nini? Nikasema, "Hajambo, anawasalimu." Tena kwetu mgeni haambiwi kosa lake. Hiyo nayo ni heshima, na siku ile niliona jinsi inavyoweza kumficha mtu yeyote nyuma yake, hata mimi.

Jioni nilimwambia mdogo wangu, "Mwambie mwenyewe. Taratibu, mkiwa njiani. Mwambie wenyeji wakionja inatosha."

Alikuwa anapiga viatu vyake rangi. "Nikimwambia ataona aibu. Atakumbuka nyumba zote tulizoingia. Mtu mkubwa ukimwonyesha aibu yake, dada, hakusamehi. Atasema sawa, asante, na mwezi ujao atamwita wa Mbeya."

"Huna uhakika."

"Sina. Wewe unao?"

Sikuwa nao. Nilimwuliza kama hasikii wanavyosema watu. Alisema anasikia. "Kule naogopwa kwa sababu natoka huku. Huku nachukiwa kwa sababu natoka kule. Acha angalau nipate kazi." Akaendelea kupiga rangi kiatu ambacho kilikwisha kung'aa. Nilikaa naye mpaka akamaliza.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka kwenda kuanza huo mwaka wake wa mwisho, alikaa kwenye kigoda jikoni, begi liko mlangoni. Mama alikuwa amemtengenezea togwa ya njiani, ya uvuguvugu kama anavyoipenda tangu mdogo. Akachota kwa kata akamimina kwenye kikombe. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanawe, akapiga makofi taratibu, akaonja, akampa kwa mikono miwili.

Mdogo wangu hakupokea upesi.

"Mama, mimi si mgeni."

"Najua," alisema mama.

"Nilikuambia usionje."

"Uliniambia nisionje kwa mwalimu wako. Kwako hukuniambia."

Nilimtazama mama usoni kuona kama ni adhabu. Sikuona adhabu. Huenda alikuwa amechoka kukisia ni lini aonje na ni lini asionje, akaamua kuonja kwa wote wanaokuja na kuondoka. Huenda alimaanisha kitu kikali kabisa. Sijawahi kumwuliza. Mdogo wangu alipokea, akanywa yote bila kupumzika, kamasi zinamtoka kama mtoto, akarudisha kikombe.

Nilimsindikiza mpaka barabarani kusubiri lori la kwenda mjini. Upepo ulikuwa umepungua. Alisema, "Nikipata kazi nitamjengea mama nyumba ya bati." Nikasema sawa.

Alimaliza, akapata kazi kwa yule yule mhadhiri, na nyumba ya bati akajenga. Lazima niandike hilo, maana alitimiza. Kila likizo alikuja na zawadi, akaingia kwenye nyumba hiyo aliyoijenga mwenyewe, akakaa kwenye kiti alichokinunua mwenyewe, na mama akaja na kikombe, akachuchumaa, akaonja, akampa. Hakulalamika tena. Alipokea kwa mikono miwili kama wageni wafanyavyo.

Mimi mama alinipa tu bila kuonja, akiwa na mawazo yake, mara nyingine bila hata kuniangalia. Nilikuwa nakunywa nimeelekea ukutani, kwa kuona haya mbele ya mdogo wangu.